Dunia nne za Dungeons & Dragons: uzoefu wangu kama mwendesha mchezo

Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao wachezaji huigiza wahusika na mwendesha mchezo husimulia dunia inayowazunguka, nimeendesha kampeni (visa virefu vinavyochezwa kwa vikao vingi) katika dunia kadhaa za kubuni zilizokwisha kuchapishwa, na kipimo changu ni kimoja: siku ambayo sijajiandaa, kitabu kinanibeba au kinaniacha? Ramani na picha, hata zikipendeza vipi, siziwekei alama.

Wengi huanzia Forgotten Realms, dunia ya Ed Greenwood iliyotolewa kwa mara ya kwanza kama sanduku la kampeni mwaka 1987. Ni kubwa mno. Jiji la Waterdeep peke yake linatosha kampeni nzima, na mchezaji mgeni hapotei: elfi wapo, majoka yapo, mapango yapo. Shida ni kwamba kila pembe ina historia yake, na mezani hakosi mmoja aliyeisoma kunizidi. Halafu kuna vigogo kama mchawi Elminster, ambao huna budi kueleza kwa nini hawaji kuzima balaa wenyewe. Siku hizi natangaza mapema kwamba historia ni ile itakayotamkwa mezani, basi. Alama tatu kati ya tano.

Dark Sun ya mwaka 1991 ni kinyume kabisa. Athas, dunia yake, ni jangwa lililokauka kwa sababu ya uchawi wenyewe, maana mchawi huvuta nguvu kutoka kwenye mimea, na asiyejali huiua. Chuma ni adimu, watu hupigana kwa mifupa na mawe, miungu hakuna. Hapa kitabu kinafanya kazi kwa niaba yangu: naandaa safari ya kutoka kisima hadi kisima, na wachezaji wanajitengenezea kisa wenyewe kwa kubishana nani anywe, mnyama yupi aachwe njiani, na kama inafaa kumwibia maji msafiri mwingine. Toleo la kwanza lilianzishia wahusika ngazi ya 3 ya uwezo badala ya 1, tena likataka kila mchezaji awe na wahusika wanne, mmoja akifa mwingine ashike nafasi. Hiyo si mbwembwe, watakufa. Ila utumwa umejaa katika dunia hiyo, kwa hiyo kubalianeni mipaka kabla kete hazijarushwa. Kikundi kinachotaka kucheka tu baada ya kazi, kisipelekwe Athas. Alama nne.

Eberron ndiyo kipenzi changu, sifichi. Keith Baker alishinda nayo shindano la kutafuta dunia mpya lililotangazwa mwaka 2002, na kitabu kikatoka 2004. Vita vikubwa vimekwisha juzijuzi tu, treni zinakwenda kwa nguvu za uchawi, na askari waliotengenezwa viwandani kwa ajili ya vita hawajui waishije katika amani. Nchi ya Cyre iliangamia kwa siku moja, na waandishi wameamua kwa makusudi wasitaje sababu. Pengo hilo ni zawadi kwa mwendesha mchezo. Kila meza ina jibu lake na hakuna atakayenisahihisha. Tena wenye nguvu za kupindukia ni wachache, kwa hiyo wahusika wa ngazi za chini wanahesabika mapema. Tano bila kusita.

Barovia, nchi ya giza inayotawaliwa na mnyonya damu Strahd, nimeiendesha kwa kitabu cha Curse of Strahd (2016), iliyojengwa juu ya hadithi ya Tracy na Laura Hickman ya mwaka 1983. Mwanzoni mpiga ramli hupanga karata, nazo huamua hazina zimefichwa wapi, nani atakuwa mshirika, na pambano la mwisho litatokea wapi. Hivyo kitabu kilekile huchezeka upya. Ushauri wangu: huyo mnyonya damu msimfiche hadi mwisho. Mlete mapema, azungumze kwa adabu, aondoke. Wachezaji wakishamchukia kama mtu wanayemfahamu, watalitafuta jumba lake bila kusukumwa. Alama nne; ingepata tano kama vijiji vya katikati visingefuatana kwa majonzi yaleyale.