Intaneti ya Nyumbani Mombasa: Tokeni Zikikata, Waifai Itabaki?

Jumatatu usiku mwanangu yuwatuma kazi ya shule, tokeni za stima zikakata. Vitaa vya rauta vikazima, na kifurushi nilicholipia wiki hiyo hiyo kikabaki kinajihesabia siku gizani. Tangu hapo kila jirani akiniuliza anunue intaneti gani, namuuliza yeye: stima ikipotea, itakuwaje?

Kasi sizungumzii, imejaa kwenye kila karatasi ya tangazo.

Chaguo langu la kwanza ni Safaricom Home Fibre, na mapenzi yangu siyafichi. Septemba 2024 shilingi 2,999 kwa mwezi ilikuwa Mbps 15, yaani kama shilingi mia kwa siku. Kwa mpangaji wa chumba kimoja Mishomoroni ni mzigo, najua, lakini sikiza sababu. Waya wa faiba haubebi umeme, wabeba mwanga ndani ya uzi wa kioo, na vile visanduku vya kugawa laini mtaani havihitaji stima. Basi mtaa mzima ukiwa giza, mara nyingi mwanga bado wafika mpaka ukutani kwako. Kinachokufa ni rauta yako tu. Geuza adapta yake usome: nyingi ni volti 12, ampea 1, yaani wati 12. Chini ya balbu ya zamani! UPS ndogo, kile kiboksi cha betri kinachoshikilia stima ikipotea, yatosha.

Na hapo ndipo nilipoibiwa. Duka moja la Digo Road, muuzaji akaniapia masaa sita. Stima ikapotea magharibi, kiboksi kikazima kabla ya adhana ya isha. Kimeandikwa mAh 10,000, kipimo cha ujazo wa betri, kwa herufi kubwa, lakini hesabu hiyo ni ya betri ya ndani, volti 3.7. Zidisha, ugawe kwa elfu, upate wati-saa 37. Gawa kwa 12: masaa matatu, tena kwa betri nzima isiyopoteza chochote njiani. Hiyo sita aliitoa wapi? Niliporudi aliniuliza, "Mama, ulikichaji kweli?"

Pili ni MiFi ya kampuni ya Faiba, ile rauta ndogo ya mkononi inayovuta mawimbi ya 4G badala ya waya. Ina betri yake tumboni, haijui habari za tokeni, na ukihamia Likoni waitia mkobani. Ila jaribu kwanza mawimbi ukiwa chumbani mwako, si barabarani.

Starlink, intaneti ya setilaiti, nimeiweka ya tatu. Ile dishi ya kawaida yaweza kula wati 75 mpaka 100. Hiyo UPS yangu ingeizimia kabla ya kusema bismillahi.

Waifai ya mtaani ya kununua kwa saa? Nunua ukikwama. Rauta iko kwa mwenyewe, na stima yake ndiyo hiyo hiyo yako.

Halafu hizi bei. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilitia nanga papa hapa Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010. Intaneti yashukia ufuoni kwetu, yapita kwenda bara, nasi twalipa sawa na wa bara, juu yake VAT asilimia 16 na ushuru mwingine. Wavuvi wa Nyali wanunue samaki kwa bei ya Nairobi?

Siku hizi naingia dukani na rauta ndani ya kikapu. Nachomeka kwenye UPS pale pale kaunta, navuta kiti, naangalia saa. Yule wa Digo Road akiniona naja, humtuma kijana anihudumie.