Kokoto za volkano kwenye bustani ya mawe: tathmini baada ya masika mawili

Bustani yangu ya mawe, iliyoko Arusha chini ya Mlima Meru, ina ukubwa wa mita 4 kwa 3, na imepandwa mishubiri, dungusi kakati na mkonge mmoja wa mapambo ambao tayari umeanza kuwabana majirani zake. Bidhaa ninayoitathmini ni kokoto nyeusi za volkano, za nusu inchi, nilizonunua kwa muuzaji wa miche kando ya barabara baada ya matandazo mengine mawili kunishinda.

Nilianza na maranda ya seremala, ambayo kwenye mboga yana faida kubwa. Hapa yalishika unyevu kuzunguka mashina ya mishubiri, sehemu ambayo huoza upesi kuliko nyingine yoyote, na kabla masika hayajaisha mchwa walikuwa wamekwisha kuyavamia. Kisha nikavutiwa na kokoto nyeupe, ambazo muuzaji wake alinihakikishia kuwa ni mawe ya mtoni. Ndimu ilimuumbua: nilipoikamua juu ya unga wa kokoto hizo ulitoa povu, dalili kwamba ni marumaru, jiwe la jamii ya chokaa ambalo taratibu hupunguza tindikali ya udongo. Isitoshe, mng'ao wake wa adhuhuri uliumiza macho, na mvua mbili tu zilitosha kuzichafua kwa tope.

Kokoto za volkano zina vitundu, kwa hiyo ni nyepesi kubeba, na maji hupita kati yake bila kutuama shinani. Rangi yake inalingana na mawe makubwa niliyoyapanga, jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko wauzaji wanavyodhani, kwa kuwa bustani ya mawe yenye kokoto za rangi ngeni huonekana kama kaburi lililopambwa.

Kasoro zipo. Zilikuja na vumbi jingi, nikazisafisha kwa nusu siku nzima, na kingo zake ni kali kwa anayetembea peku. Weusi wake hufyonza joto, hivyo miche michanga niliiachia nafasi ya kiganja kimoja. Muuzaji huuza kwa mfuko usio na kipimo. Ni afadhali kudai ndoo ya lita 20, kwani eneo langu, kwa unene wa sentimita 5, lilihitaji ndoo 30 kamili. Ushauri wake wa kutandika nailoni chini niliukataa, maana nailoni isiyotobolewa huzuia maji kushuka na kuyaacha yakituama kwenye mizizi. Magugu bado huota, ila machache, na hung'oka kwa vidole viwili.

Upande wa mteremko mvua zimezishusha kokoto kiasi cha kuacha udongo wazi, kwa hiyo nitaongeza ndoo 5 za aina hiyohiyo kabla ya vuli, safari hii nikiwa nimepanga kwanza mawe ya kuzizuia.