Viatu vya Gofu vya Spaiki kwa Wanaume: Vya Kununua na vya Kuacha Dukani

Ukiingia duka la klabu kutafuta viatu vya gofu, utaonyeshwa rangi kwanza, kisha jina la kampuni. Pokea kiatu, kipindue, uangalie soli. Vile vitundu vinavyoshika spaiki, yaani vijino vya chini ya kiatu vinavyozuia kuteleza, ndivyo vitakavyoamua kama pea hiyo utaivaa miaka kadhaa au utaitupa ngozi ikiwa bado nzima.

Kabla ya hapo, jiulize kama unahitaji spaiki. Anayecheza Limuru, Muthaiga au Arusha, ambako asubuhi nyasi zimejaa umande na miteremko haikosekani, anazihitaji. Nyasi za kikuyu zikilowa huteleza vibaya, na mguu ukihama hata sentimita mbili wakati wa kupiga, mpira hauendi ulikolengwa. Anayecheza pwani wakati wa kaskazi, uwanja ukiwa mkavu na tambarare, anaweza kutosheka na viatu vyenye vinundu vya mpira vilivyoungana na soli. Ila vinundu hivyo vikilika, kiatu kimekwisha. Spaiki ikilika unaitoa, unafunga nyingine, unaendelea.

Vitundu vya spaiki

Spaiki nyingi za siku hizi ni za plastiki. Kila moja ina vijiguu vinavyojikunja na kushika majani bila kuichimba grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo. Hufungwa kwa mifumo tofauti: Fast Twist, PINS, Slim-Lok na Q-Lok ndiyo utakayoikuta zaidi, na viatu vya zamani vina vitundu vyenye tredi (mikunjo ya skrubu) za chuma. Spaiki ya mfumo mmoja haikai kwenye tundu la mwingine, na hata Fast Twist ya zamani na Fast Twist 3.0 usizichukulie kuwa kitu kimoja. Ukiilazimisha isiyo yake inaweza kuonekana imeshika, kisha ikadondoka kwenye nyasi baada ya mashimo mawili matatu, huku tredi za tundu zimeshaharibika. Tundu likiharibika, fundi viatu wa kawaida hawezi kukusaidia.

Kujua kampuni ya kiatu si kujua mfumo wake, kwa sababu kampuni moja hutumia mifumo tofauti kwa modeli tofauti. Soma karatasi iliyo ndani ya boksi, au mwombe muuzaji afungue spaiki moja mbele yako. Halafu muulize kama anauza pakiti za akiba za mfumo huo. Hapa ndipo wengi hukwama: viatu vimeletwa na ndugu kutoka Dubai au London, vizuri kabisa, na spaiki zake hazipatikani Nairobi wala Dar es Salaam. Kama unaagiza nje, agiza na pakiti mbili za spaiki pamoja na ufunguo wa kuzifungulia. Kwa kawaida kiatu kimoja kina spaiki 6 hadi 9, na ushauri wa kawaida ni kuzibadilisha kila baada ya raundi 15 hadi 20. Anayecheza kila Jumamosi atazibadilisha mara tatu hivi kwa mwaka, kwa hiyo ziweke kwenye bajeti tangu mwanzo.

Tunavyovipanga

Nafasi ya kwanza tunaipa viatu vya ngozi visivyopitisha maji, vya kamba, vyenye spaiki za kubadilisha. FootJoy Premiere Series na Adidas Tour360 ni mifano inayojulikana. Ngozi hujifunza umbo la mguu, hushika kisigino vizuri unapogeuza mwili, na ikifumuka pembeni fundi mzuri anaishona. Ni ghali, karibu dola 200 kabla ya usafiri na ushuru, na kimoja huweza kufika nusu kilo. Raundi ya mashimo 18 kwa miguu ni kilomita 8 hadi 10, kwa hiyo uzito huo utauhisi mwezi wa kwanza.

Kuna jambo moja la kukagua hata kwenye kiatu cha bei hiyo. Fungua kamba zote, vuta ulimi wa kiatu mbele, utazame pembeni zake. Unatakiwa kuona kipande kinachounganisha ulimi na mwili wa kiatu pande zote mbili, kikipanda hadi karibu na matundu ya juu ya kamba. Kikiishia katikati, maji ya umande yatapita hapo hata kama ngozi yenyewe haipitishi tone. Soma pia dhamana ya kutopitisha maji, ambayo aghalabu ni mwaka 1 au 2, na uulize kama muuzaji huyo ni wakala anayetambuliwa na kampuni. Tunza risiti.

Nafasi ya pili ni viatu vya ngozi ya bandia vyenye spaiki. Kwa anayeanza, tungemshauri aanzie hapa: ni vyepesi, bei yake ni nafuu, na tope linafutika kwa kitambaa chenye maji. Udhaifu wake uko pale kiatu kinapokunjika, nyuma kidogo ya vidole. Ngozi ya bandia ya bei ya chini hupasuka hapo mapema, na ufa ukishatokea hauzibiki. Kabla ya kulipa, kunja kiatu kwa mikono miwili. Kinatakiwa kukunjika kwenye vidole. Kikikunjika katikati ya unyayo, soli yake ni dhaifu na utachoka kabla ya shimo la kumi.

Tatu tunaweka vya kufunga kwa kidude cha BOA: unakibonyeza, unakizungusha kukaza waya, unakivuta kulegeza. Mwenye mgongo unaomsumbua atavipenda sana, na mkazo wake haulegei katikati ya raundi. Kampuni ya BOA hutoa vipuri, lakini kwetu vipuri ni vya kusubiri posta. Kamba ikikatika, kedi wako (anayekubebea vijiti) anaweza kukupa nyingine papo hapo. Waya ukikatika kwenye shimo la tano, kiatu hicho hakina kazi tena siku hiyo. Anayeishi karibu na wakala anaweza kuvipandisha hadi nafasi ya pili.

Vya kitambaa chenye matundu vinapoza mguu Mombasa na Dar, ila umande unaingia moja kwa moja. Uwanja wako ni mkavu wakati wote? Basi huenda spaiki huzihitaji.

Kisha mitumba. Gikomba na Karume hutoa viatu vya gofu vya majina makubwa kwa sehemu ndogo ya bei, na tunaelewa kwa nini mtu anavitamani. Hatari kubwa imejificha katikati ya soli. Viatu vingi vina tabaka la poliyurethani, na plastiki hiyo huvunjwavunjwa na unyevu polepole hata kama kiatu hakijavaliwa. Kiatu cha miaka minane kilichokaa stoo kinaweza kung'aa kama kipya, halafu soli ikamumunyika vipande siku ya kwanza uwanjani. Bonyeza ubavu wa soli kwa kucha ya kidole gumba kwa nguvu. Ikirudi ilivyokuwa, sawa. Ikiacha alama, ikinata au ikitoa unga, kiache. Jaribu pia kufungua spaiki zote, kwa sababu zilizogandia ndani kwa miaka hutoka na tredi zake.

Mwisho kabisa ni spaiki za chuma. Bado zipo, na baadhi ya wachezaji wa kulipwa huzitumia, lakini klabu nyingi zilizipiga marufuku tangu miaka ya 1990 kwa sababu huichana grini na sakafu. Usizinunue.

Kupima mguu

Pima jioni au baada ya kutembea, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa na soksi utakazochezea. Simama, usikae. Kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu ibaki nafasi ya sentimita 1 hadi 1.5, la sivyo kucha zitapiga mbele unaposhuka kilima. Kisigino kisipande unapotembea. Kisha simama kama unayetaka kupiga na ugeuze mwili taratibu: mguu ukisogea ndani ya kiatu, spaiki hazitakusaidia, maana kiatu kitashika nyasi na mguu utateleza ndani yake. Namba ya Marekani kwa wanaume kwa kawaida huzidi ya Uingereza kwa 1 au nusu, kutegemea kampuni. Ukiagiza mtandaoni angalia namba zote mbili. Mguu mpana utafute upana mkubwa. Kuongeza namba huleta nafasi mbele ya vidole, na ubavu unaendelea kubanwa.

Kubadilisha spaiki

Loweka soli kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni dakika 10 hadi 15, usugue tope kwa mswaki wa zamani. Ingiza meno ya ufunguo kwenye vijishimo vilivyo juu ya spaiki yenyewe, egemea kwa uzito wa mwili, zungusha kinyume cha saa. Ufunguo ukipepea bila kushika, vijishimo hivyo vimeliwa. Shika pembeni ya spaiki kwa koleo. Usimimine petroli, italegeza gundi ya soli. Safisha tundu, likauke, weka spaiki mpya na uizungushe kwa vidole kwanza ili ishike sawasawa. Malizia kwa ufunguo hadi isikike ikibana au isiendelee tena, na usiongeze nguvu. Badilisha zote kwa pamoja: mpya ikikaa kando ya iliyolika, uzito wote unaielemea hiyo mpya na mguu unakaa upande.

Spaiki huliwa zaidi na lami na vitofali vya maegesho kuliko na nyasi, basi vaa viatu ukishafika klabuni. Vikilowa, vijaze magazeti na uviweke kivulini penye upepo. Jua kali na joto la jiko hukausha ngozi hadi ipasuke, na gundi huachia kwanza kwenye ncha.