ThinkPad ya mtumba, Linux Mint na saiba yangu ya Kondele

Radi ya mwezi wa Septemba ndiyo iliyonifikisha hapa. Ilipiga jioni, stima ikapotea, na iliporudi kompyuta moja kati ya nne za saiba yangu ya hapa Kondele, Kisumu, haikuwaka tena. Fundi aliifungua, akainusa ndani, akarudisha skrubu moja moja bila kusema neno. Mwishowe akanitazama: "Omera, hii tuizike tu."

Wateja wa Kondele hawaji saiba kucheza michezo. Mtu huja kuomba cheti cha maadili mema kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kutuma maombi ya chuo kupitia KUCCPS, kujaza ritani ya kodi ya KRA siku mbili kabla ya tarehe 30 Juni, au kuchapisha wasifu wa kazi. Alhamisi huja wafiwa, maana mazishi mengi huku kwetu ni Ijumaa na Jumamosi, na programu za mazishi zenye picha za rangi ndizo zinazonilipia kodi ya chumba. Mashine ya nne ilitakiwa upesi.

Kulikuwa na jambo la pili linanikodolea macho. Tatu zilizobaki zilikuwa za Windows 10, na tarehe 14 Oktoba 2025 ilikuwa siku ya mwisho ya Microsoft kuitunza. Aliyejiandikisha angeongezewa mwaka mmoja wa masasisho ya usalama, basi. Windows 11 nayo kwa kawaida hudai prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu na chipu ya usalama ya TPM 2.0, na vyuma vyangu havifiki huko hata kwa ngazi. Linux, mfumo wa bure unaoweza kukaa mahali pa Windows, nimeichezea nyumbani tangu nikiwa chuoni, kwa mapenzi tu. Lakini nyumbani mambo yakikwama unaenda kupika ugali, unarudi. Kazini yupo mtu kwenye benchi, gari la mochari linamngoja, na anataka nakala mia moja kabla ya saa kumi.

Nikanunua laptopu ya mtumba, ThinkPad T450, zile zinazotoka Uingereza zikiwa bado na kibandiko cha ofisi kilichobanduliwa nusu. Shilingi 19,500, RAM ya gigabaiti 8 na SSD ya gigabaiti 256. Ni mashine ya mwaka 2015, prosesa kizazi cha tano, na ndiyo sababu ya bei kuwa hiyo. Skrini ni ya pikseli 1366 kwa 768. Ya kuandikia barua inatosha, ya kurembesha picha hapana. Lakini kibodi! Vitufe vina kina, vinakurudishia kidole. Msaidizi wangu, ambaye huchapa huku anapiga gumzo na mteja, aliitumia siku moja akakataa kurudi kwenye meza yake ya zamani.

Sababu hasa ya kuichagua ilikuwa betri. T450 ina mbili: moja imefichwa ndani, nyingine imechomekwa nyuma, na hiyo ya nyuma unaweza kuichomoa mashine ikiwa inawaka, ile ya ndani ikashika zamu hadi uchomeke nyingine. Kwa mji wenye mvua za radi kama wetu, hilo si jambo dogo.

Muuzaji, duka fulani la mjini, aliniapia kwamba betri ni safi, saa tano bila wasiwasi. Nilipofika saibani nikafungua dirisha la amri, nikaiita upower, programu ndogo inayosema ukweli bila haya. Betri ya nyuma ilitengenezwa kubeba wati-saa 23 na kitu. Sasa inabeba 9. Nikaipiga picha skrini, nikapanda boda kurudi dukani. Yule bwana aliitazama ile picha kama mtu aliyeletewa hati ya mahakama, kisha akasema, "Hiyo programu yako ndiyo mbovu." Tulivutana mpaka akanipa chaja ya pili ili niondoke. Betri mpya nene ya nyuma nilijinunulia mwenyewe kwingine, shilingi 3,500. Ukienda kununua laptopu ya mtumba, nenda na Mint, aina ya Linux niliyoichagua, kwenye fleshi, iwashie papo hapo kwenye kaunta na uulize betri umri wake mbele ya muuzaji.

Kuweka Mint hakuna hadithi ndefu. Faili yake inakaribia gigabaiti 3, niliishusha usiku, nikaiandika kwenye fleshi ya 8, nikabonyeza F12 mashine ikiwaka. Inafunguka kutoka kwenye fleshi bila kugusa diski, kwa hiyo unajaribu Wi-Fi, sauti na kamera kabla hujaamua. Vyote viliitika. Dakika kama ishirini hivi ikawa imekaa. Toleo la 22 limejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na linaahidiwa masasisho hadi mwaka 2029, bure. Ikiwaka tupu inakula takriban gigabaiti moja ya RAM, basi nane zangu ni anasa.

Wateja hawakugundua kitu. Menyu iko pale pale chini kushoto, Firefox ni Firefox, na eCitizen haijali uko juu ya nini. Mama mmoja tu aliuliza kama nimepaka mashine rangi mpya.

Nilipojua kwamba sitaiacha Mint ni siku ya fleshi ya mwalimu. Kila mwenye saiba anakijua kirusi hiki: unachomeka fleshi, unaona folda zako zimegeuka vishale, ukibofya kimoja kimehamia kwenye kompyuta, na kila fleshi itakayofuata itaondoka nacho. Mwalimu huyu alifika Jumatatu asubuhi na jasho usoni. Alama za madarasa yake yote, mihula miwili. "Kijana wangu, zimefutika zote. Nimeshazunguka saiba tatu."

Nikaichomeka kwenye ThinkPad. Vishale vile vikajitokeza jinsi vilivyo, vifaili vya kilobaiti moja au mbili vyenye mkia wa .lnk, vimekaa kama mizigo isiyo na mwenyewe. Pembeni yake kulikuwa na folda isiyo na jina, nafasi tupu tu. Kirusi huzisukuma faili halisi humo na kuipa folda alama ya kufichwa. Windows huiheshimu alama hiyo, Linux haiitazami. Nikaifungua. Kidato cha Kwanza, cha Pili, cha Tatu, zote zimelala humo salama. Mwalimu alishika meza. Nikazinakili, nikaifuta fleshi yote, nikarudisha faili. Nilimtoza shilingi 50, yeye akaacha 200 na kukataa chenji. Sisemi Linux haiugui. Ni kwamba hiki kimeandikwa kwa ajili ya Windows, na huku kikifika hakina pa kukanyaga. Tangu hapo kila fleshi inayoingia dukani hupita kwenye mashine hiyo kwanza, kama karantini.

Sasa niseme kilichonitesa, maana kipo, na si mfumo wenyewe. Ni karatasi za watu wengine.

Alhamisi ya pili walikuja ndugu wa marehemu na programu waliyoandaliwa na mpwa wao Nairobi, faili ya Word. LibreOffice, programu ya ofisi iliyo ndani ya Mint, iliifungua bila kinyongo. Maandishi ya Calibri hayakusogea, kwa sababu Mint ilikuwa na fonti inayoitwa Carlito ambayo herufi zake zina upana ule ule; Caladea hufanya kazi hiyo hiyo kwa Cambria. Lakini mpwa alikuwa amepamba vichwa kwa fonti ya maua maua aliyoitoa anakojua mwenyewe. Mashine yangu haikuwa nayo, ikaweka nyingine pana zaidi, vichwa vikashuka mstari wa pili, kurasa zikasukumana, na picha ya mzee ikatoka ukurasa wa kwanza ikaenda kutua juu ya majina ya wajukuu. Shangazi yao alikuwa amesimama nyuma yangu. "Mwanangu," akasema taratibu, "huyu mzee ameshahama. Wewe unampeleka wapi tena?"

Nilicheka kwa aibu, nikampigia mpwa simu, akatuma PDF, ikachapishwa ilivyo. Siku hizi neno langu la kwanza kwa mteja ni PDF, hata kabla ya salamu kuisha. Zile ninazoandaa mwenyewe naziandika ndani ya Writer, sehemu ya LibreOffice ya kuandikia, tangu mwanzo, na humo nimekuta kitu ambacho zamani nilikifanya kwa kukokotoa vidoleni: chaguo la brosha kwenye dirisha la kuchapisha. Kurasa nane zinajipanga zenyewe kwenye karatasi mbili za A4, mbele na nyuma, wewe unakunja tu.

Tatizo jingine ni fomu za Excel zenye makro, yaani amri ndogo zinazojiendesha ndani ya faili. Ipo moja ya kodi ambayo ikifunguliwa ndani ya LibreOffice inabaki sanamu, vitufe vipo lakini havibonyezeki kwa faida yoyote. Ritani za sifuri hazina shida, hizo hujazwa ndani ya kivinjari. Kwa ajili ya fomu hiyo nimebakisha kompyuta moja ya Windows kwenye kona. Nyingine mbili nimezihamishia Mint ya XFCE, iliyo nyepesi zaidi, na hata ile ya mwaka 2013 imeanza kujiona kijana.

Nilijaribu pia kuiweka ThinkPad kwa Kiswahili. Tafsiri ni kazi ya watu wanaojitolea na bado haijakamilika, basi menyu ikatoka kama abiria wa matatu, huyu anasema hivi, yule vile. Msaidizi alivumilia hadi saa sita mchana akaniomba nirudishe Kiingereza. Nilisikitika kidogo. Mwaka 2004 kuna watu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliwahi kutoa OpenOffice ya Kiswahili wakaiita Jambo. Moto ule ulistahili kuni zaidi.

Na printa. Ninazo mbili. Ya leza, iliyo kwenye mtandao, Mint iliiona na kuiongeza yenyewe kabla sijaketi. Ya wino, ya zamani, ile ya kujaza matangi kwa chupa, ilinila siku mbili nzima: ukurasa mtupu, kisha nusu ukurasa, kisha rangi ya waridi mahali pa nyekundu. Nilipopata programu yake sahihi nilikuwa nimeshamwambia jirani nitamuuzia.

Sikumuuzia. Alhamisi iliyopita, saa tatu asubuhi, stima ikapotea katikati ya programu ya kurasa nane. Kompyuta za mezani zote zikafa. ThinkPad haikupepesa hata jicho. Intaneti nilivuta kwa waya wa simu, ikashika bila kuulizwa chochote. Nikamaliza kupanga picha, nikahifadhi, ndipo nikakumbuka kwamba printa hazina betri.

Kinyozi wa mlango wa pili ana jenereta ndogo. Tulielewana, nikavuta waya wa ekstensheni hadi kwangu, nikawasha ya leza. Ilipoanza kujipasha moto jenereta ilikohoa mara mbili, ikanyamaza. Kinyozi akatokea mlangoni na mashine mkononi, nyuma yake mteja amenyolewa upande mmoja, wote wawili wananitazama. Nikachomoa ya leza, jenereta ikavutwa upya, nikachomeka ile ya wino. Ikaanza kusaga karatasi polepole, na nyekundu ilikuwa nyekundu.