Kutembea na lama katika bonde la Lares, Peru

Huduma ya kutembea milimani huku mizigo ikibebwa na lama, mnyama wa kufugwa wa milima ya Andes, hutolewa na watu wengi katika eneo la Cusco. Hii niliyoitumia, ambayo hupita bonde la Lares na kuvuka miinuko iliyo zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, inastahili sifa hasa kwa kuwa inaendeshwa na wafugaji wenyewe.

Ustadi wao huonekana asubuhi, wakati wa kufunga mizigo. Kila dume hubebeshwa kilo 25 hivi, ingawa uzito wake mwenyewe unazidi kilo 100, kwa sababu akilemewa hulala chini, hutema mate na kukataa katakata kuinuka. Mgeni aliyekuja akitarajia kupanda mgongoni atavunjika moyo, maana lama, licha ya kuwa wa ukoo wa ngamia, hawezi kumbeba mtu mzima. Hata hivyo, damu yake hunasa oksijeni vyema mahali penye hewa hafifu (nami niliyekuwa nikihema kwenye kila mwinuko nilimhusudu), na nyayo zake laini haziichimbui njia kama kwato za farasi.

Maelezo ya mwongozaji yalikuwa na kina. Alisimulia jinsi wanyama hawa, ambao asili yao ni guanako wa mwituni, walivyosafirisha mazao na nguo katika barabara za dola ya Inka, isiyokuwa na farasi wala mikokoteni, na jinsi Wahispania walivyowatumia baadaye kubeba madini ya fedha kutoka Potosí, katika Bolivia ya leo, yaliyoanza kuchimbwa mwaka 1545. Alituonyesha pia samadi kavu inayowashiwa moto jikoni, na kamba zilizosokotwa kwa sufu nene ya lama. Alichokipitia haraka mno ni habari ya malori yaliyochukua kazi ya misafara, ilhali hilo ndilo nililotaka kulisikia zaidi.

Kasoro kubwa ni kituo cha mwisho, duka la nguo tulilopelekwa bila kuulizwa, ambako baadhi ya shali zilizonadiwa kuwa za sufu ya alpaka, mnyama wa jamii ya lama, ni wazi zilikuwa za nyuzi za kiwandani. Anayekusudia kwenda akae kwanza Cusco siku kadhaa mwili uzoee, kisha aulize mapema iwapo kituo hicho kinaweza kuondolewa katika ratiba.