Miraphone 186 baada ya mwaka mmoja wa ibada na harusi za Moshi

Nimepiga besi kwenye matarumbeta ya usharika wetu hapa Moshi miaka 11, na 10 ya mwanzo nilipigia tuba (ala kubwa ya shaba ya sauti ya chini) ndogo, yenye valvu tatu za pistoni, yaani vifunguo vinavyobonyezwa kuipitisha hewa kwenye vibomba vya ziada. Mwaka jana marafiki wa usharika kutoka Ujerumani walituletea tuba kubwa zaidi, Miraphone 186 iliyokwisha kutumika, yenye valvu nne za kuzunguka, kazi ya mafundi wa mji wa Waldkraiburg huko huko Ujerumani. Vijana wananiuliza ipi bora.

Kipenyo cha tuba hupimwa kwenye kibomba cha valvu ya pili. Nilivichomoa vyote viwili nikavipima kwa kaliper: ndogo milimita 17, 186 milimita 19.6. Unaweza kudhani si kitu, lakini ukipiga hesabu ya eneo la tundu, hewa imepata nafasi theluthi moja zaidi. Wiki za kwanza nilikuwa naishiwa pumzi katikati ya mstari ambao kwenye ndogo naumaliza bila shida. Ndogo inakubana kidogo, unapata pa kuegemea. Hii inapokea kila unachotoa na bado inadai. Mwalimu wetu akaniambia, "Usiisukume, kijana wangu. Puliza kama unapasha viganja joto asubuhi ya Julai." Hapo ndipo sauti ilipofunguka. Jumapili ile nilisikia ubao wa benchi la mbele ukitetemeka, na mzee mmoja akageuka kutazama inatoka wapi.

Msizisifie milimita peke yake, lakini. Tuba ni pembe inayopanuka, na bomba la kuanzia mdomoni, mdomo mpana wa juu na kipulizio vinaamua mengi.

Kilichonifurahisha kuliko yote ni valvu ya nne. Noti ya F ya chini kwenye ndogo naipata kwa valvu ya kwanza na ya tatu pamoja, na daima inapanda juu ya sauti inayotakiwa. Sababu ni hii: kila kibomba kimekatwa kwa urefu unaoifaa tuba ikiwa tupu, yaani bila valvu nyingine kubonyezwa. Ukishabonyeza valvu moja, bomba limerefuka, na nyongeza ya pili haitoshi tena. Miaka yote hiyo nilikuwa navuta kibomba kwa mkono wa kushoto huku napiga. Kwenye 186 nabonyeza ya nne tu, ambayo kibomba chake kimoja kimekatwa kwa urefu wote unaohitajika, F inakaa pale pale na kwaya inaegemea juu yake.

Kwa harusi bado napanda pikapu na ndogo. Kuzunguka Mnara wa Saa katikati ya honi na ngoma, sauti yake kali inapenya, na ni nyepesi begani.

Mnunuaji ajue pia valvu za kuzunguka zinataka mafuta. Kwaresima yote tuliiacha 186 stoo, na valvu ya tatu ikanata asubuhi ya Pasaka, kosa letu wenyewe. Sasa naipaka kila Ijumaa kabla ya mazoezi.