Tahadhari: muuzaji wa magita "ya Granada ya 1959"

Ndugu zangu wapenda gita, hasa ninyi mlioko Uhispania na ninyi mnaotuagiza tuwatafutie magita kabla hatujarudi likizo Dar es Salaam au Mombasa: yuko mwanamume mjini Granada anayeuza magita ya kughushi kwa majina ya mafundi waliokwisha kufariki, na mimi ameniuzia moja kwa euro 2,600. Nimechelewa kuandika kwa sababu ya aibu, maana wengi wenu huniuliza mimi ushauri wa kununua, na si jambo jepesi kuwaambia watu hao kwamba nimelizwa. Fundi ambaye jina lake limechapwa kwenye lebo sitamtaja, kwa kuwa jamaa zake hawahusiki. Muuzaji naye simtaji, kwa kuwa shauri liko polisi na jina alilonipa nina hakika si lake.

Gita langu la kwanza sikuwa nalo tena baada ya yaliyolipata uwanja wa ndege, na mbele yangu kulikuwa na onyesho la Juni. Nilihitaji gita la flamenko, muziki wa Andalusia kusini mwa Uhispania, lile jeupe lenye mgongo na mbavu za mti wa mberoshi, jepesi mikononi na lenye sauti kavu inayokatika upesi, tofauti na la klasiki lenye mgongo wa palisandro, mti mgumu na mzito. Muuzaji huyo alinipangia tukutane Cuesta de Gomérez, ile barabara nyembamba inayopanda kutoka Plaza Nueva kuelekea kasri la kale la Alhambra, ambako karakana za magita ni za miaka mingi. Nilimkuta mlangoni mwa karakana mojawapo akizungumza na fundi wa humo kama watu wanaojuana. Wakacheka, akamshika bega, akaniashiria nimfuate. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba alikuwa ameingia kuuliza bei ya nyuzi.

Tukapanda ghorofa ya pili ya nyumba iliyo mtaa wa nyuma. Mapazia yalikuwa yamefungwa, akanieleza kwamba jua hukausha mbao na kuzipasua, hoja ambayo hakuna mpiga gita atakayeipinga. Alitoa kasha jeusi lililochakaa pembeni, akaliweka juu ya kitanda, akafungua bizimu ya kwanza na ya pili, kisha akasita kwenye ya tatu na kupangusa macho. Lilikuwa la mjomba wake, akasema, aliyepiga gita kwenye mapango ya mtaa wa Sacromonte, katika zile ngoma za flamenko ziitwazo zambra wanazochezewa watalii, mpaka mafuriko ya 1963 yalipowaondoa watu huko. Hati zote za gita zilipotelea kwenye mafuriko hayo. Mafuriko ni ya kweli, yamo katika historia ya mji, na ni kweli kwamba mapango mengi yalihamwa mwaka huo. Uongo wake ameushonea ndani ya jambo ambalo ukimuuliza mzee yeyote wa Granada atakuthibitishia.

Kasha lilipofunguka, harufu ya mberoshi ikajaa chumbani. Anayeijua harufu ile, kali kidogo, ya utomvu, haisahau, na hakuna fundi anayeweza kuipata kwa mti mwingine. Gita lilikuwa na vigingi vya mbao vya kukazia nyuzi vilivyolika kwa kuzungushwa, plastiki angavu ya kukinga ubao ilikuwa imegeuka manjano na kuchanwachanwa na kucha, na vanishi ya shingo ilikuwa imefutika pale pale kidole gumba kinapokaa. Mgongoni, karibu na kisigino cha shingo, kulikuwa na jicho dogo la mti, jekundu kama hudhurungi, la ukubwa wa punje ya mtama. Aliligusa kwa kidole akasema kwamba mafundi wa zamani hawakutupa mbao kwa ajili ya kasoro ndogo.

Kisha akapiga. Alilishika kizee, tumbo la gita juu ya paja la kulia na shingo imeinuka, akaanza soleá, mtindo wa flamenko wenye mzunguko wa mapigo kumi na mawili, polepole, kidole gumba kikishuka juu ya nyuzi nene, na katika mapigo hayo hakuna hata moja lililomponyoka. Akamaliza kwa rasgueado, yaani kukwaruza nyuzi kwa vidole vyote, na pigo moja la kucha juu ya ubao, akanyamaza, akanikabidhi gita bila neno. Niambieni ni nani kati yenu angemfikiria tapeli mtu anayepiga soleá namna ile. Nilichungulia ndani nikasoma lebo kupitia kwenye nyuzi: jina la fundi, Granada, mwaka 1959 kwa mwandiko wa wino. Mstari wa chini ulikuwa umefunikwa na doa la kahawia, kama la maji ya mafuriko. Nikaomba kuzungumza na mtu wa familia ya fundi, naye hakusita. Akapiga simu, akaniunganisha na mtu aliyejiita mpwa wa marehemu fundi, mwenye sauti ya mtu mzima na lafudhi nzito ya Andalusia, ambaye alinitajia hata rangi za mapambo yaliyozunguka tundu la sauti kabla sijamweleza chochote. Alianza na euro 3,900. Nilipotoa zile 2,600 alizihesabu mara mbili, akanirudishia noti ya 20 kwa ajili ya teksi. Noti hiyo ndiyo inayonikera kuliko hasara yote.

Nilipeleka gita kwa fundi wa Madrid kurekebisha kimo cha nyuzi. Alitoa nyuzi, akaingiza kioo na taa ndogo, akaangalia kwa muda, kisha akaniita nisogee. Chini ya lile doa, mbele ya neno Granada, palikuwa na tarakimu 18009. Hiyo ni namba ya posta, na namba za posta za tarakimu tano zilianza kutumika Uhispania katika miaka ya 1980. Chini ya kioo cha kukuzia, maandishi ya lebo yaligeuka vitone vya samawati, waridi na manjano, yaani kazi ya printa ya nyumbani. Ukingo wa tundu la sauti, uliopakwa vanishi nyeusi ambayo niliidhania kuwa ukarabati wa zamani, aliukwangua kwa ncha ya kisu, zikajitokeza tabaka tatu za mbao, ya katikati ikiwa imelazwa kinyume, yaani plaiwudi. Na lile jicho la mti halikuwepo upande wa ndani wa mgongo, kwa sababu mgongo wenyewe ni plaiwudi iliyovishwa ngozi nyembamba ya mberoshi. Harufu ilitoka kwenye kifuko cha takataka za randa kilichofichwa chini ya kitambaa cha kasha. Kwa makadirio yake ni gita la kiwandani ambalo jipya halifiki euro 300.

Si mimi peke yangu. Dada mmoja wa Mombasa anayesoma gita la klasiki Córdoba ameuziwa na mtu huyo huyo gita "la Madrid la 1955", lenye ubao wa mbele wa mwerezi mwekundu wa Amerika, wakati mwerezi huo uliingizwa kwenye magita ya Uhispania na José Ramírez III, fundi wa Madrid, katika miaka ya 1960. Aliambiwa pia kwamba mgongo ni palisandro ya Brazil, ndugu wa mpingo wetu. Mti huo uko kwenye ulinzi wa juu kabisa wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 1992, na kuuza chombo chake ndani ya Umoja wa Ulaya bila cheti ni kosa. Kwa hiyo mtu huyu, akiwa amesema kweli, amevunja sheria ya mbao, na akiwa amesema uongo, ametapeli. Hana mlango wa kutokea.

Sheria ya jinai ya Uhispania inaufanya utapeli unaozidi euro 400 kuwa kosa la kifungo cha miezi sita hadi miaka mitatu, nami natamani apewe mitatu kamili, na yule "mpwa" wa kwenye simu aketi naye kizimbani. Anyang'anywe magita yote, printa yake na hicho kifuko cha randa, na arudishe fedha za watu wote kabla hajaruhusiwa kugusa gita lingine. Anawaibia wanafunzi waliojinyima, na anawaharibia jina mafundi wanaokaa miezi kadhaa juu ya gita moja.

Kwa anayenunua sasa: usikubali chumba chenye giza, nenda na kioo kidogo, uangalie kama michirizi na majicho ya nje yanaonekana pia ndani, soma lebo yote, hasa sehemu yenye doa, na namba ya simu ya familia ya fundi itafute wewe mwenyewe. Muuzaji halisi atakuruhusu ulipeleke gita karakana kabla ya kulipa. Huyu alinijibu kwamba kufanya hivyo ni kumtukana marehemu mjomba wake, na akalifunga kasha.

Jana nimeona tangazo jipya, la gita "la 1961", kwa picha za mapazia yale yale. Aliyeuziwa naye, au aliyeahidiana naye kukutana, anitumie picha za lebo na za mgongo, nje na ndani, pamoja na ujumbe alioandikiwa, kwa sababu afisa wa Policía Nacional aliyepokea malalamiko yangu ameniambia kwamba yatashughulikiwa kwa uzito zaidi yakiunganishwa na ya wengine.